Sakafu ya Tausi

Siku ya kwanza kazini nilifika na mwiko mpya, timazi yenye uzi mwekundu, na pima maji niliyoazima kwa binamu yangu, nikajiona nimekamilika. Nilikuwa nimetoka Changamwe, ambako nilianza kama saidia fundi kwenye majengo ya nyumba za kupangisha, nikabeba zege mpaka shingo ikakakamaa, kisha nikapandishwa kuwa fundi wa sakafu. Mtu mmoja aliniambia kuna Maalim huko Mjambere mwenye ng'ombe wa maziwa na mbuzi, na anatafuta mtu wa kukaa naye kazini, si wa kibarua cha siku mbili. Nilimkuta mlangoni pa banda la ng'ombe, ameshika komeo lililong'oka, kikoi amekikunja hadi magotini.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Waitwa nani?"

"Fundi Karisa."

Akanitazama kuanzia viatuni hadi kwenye mwiko. "Karisa kwa Kigiriama si ndiye mchungaji wa mifugo?"

Nikasema ndiyo.

"Basi hilo la Karisa ulipewa na wazazi wako, nami nalikubali. Hilo la fundi tutaliangalia."

Nilidhani ananitania. Sikujua kwamba angeliangalia kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaojifunza kazi ya mikono, hasa wale mnaodhani kutengeneza banda la mifugo ni kazi ya yule aliyeshindwa kujenga nyumba. Mimi pia nilidhani hivyo. Maalim alikuwa na shamba dogo, ng'ombe wanane, mbuzi wapatao ishirini, kisima kimoja cha maji yenye chumvi kidogo, na nyumba ya mawe aliyoachiwa na baba yake. Asubuhi alikuwa mfugaji, na baada ya adhuhuri alifundisha watoto Kurani katika chuo kilichokuwa upenuni mwa nyumba yake. Watu wa mtaa walimheshimu kwa yote mawili, ingawa wengi walimjua zaidi kwa maziwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa lile komeo. Nilitoa misumari mfukoni. Maalim akaninyooshea msumari wa zamani aliokuwa ameung'oa, akauvunja kwa vidole viwili kama bisi. Hewa ya kwetu ina chumvi, na mkojo wa ng'ombe una ukali wake, na vikikutana msumari haumalizi masika mawili. Akanifundisha kutumia kigingi cha mti mgumu na kamba ya makonge iliyopakwa mafuta. Akanifundisha kwamba mlango wa banda hufunguka kwa nje, kwa sababu ng'ombe wakisukumana ndani, mlango wa kufunguka ndani wataufunga wenyewe kwa uzito wao na watu watabaki nje wakipiga kelele. Nilipomaliza, alipitisha kiganja chake juu ya mbao zote, kuanzia kimo cha kifundo cha mguu hadi kimo cha kifua, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto vumbi. Alikuwa akitafuta ncha. Ubao wenye ncha kwenye nyumba ya mtu utachana nguo, lakini kwenye banda utachana kiwele, na kiwele kikichanika maziwa yamekwenda.

Hivyo ndivyo alivyokagua kila kazi yangu tangu siku hiyo. Hakuleta pima maji wala futi. Alileta kiganja.

Nyumba ya watu huharibika kwa miaka, lakini ya mifugo huharibika kila siku. Kila alfajiri nilizunguka kuangalia kilichovunjika. Mbuzi amekula kamba ya lango. Ng'ombe amejikuna kwenye nguzo mpaka imelegea shimoni. Hori, yaani lile birika refu la kulia, limepasuka ubavuni na pumba zinavuja. Makuti ya paa yametoboka, na makuti huezekwa kuanzia chini kwenye mchirizi kwenda juu, safu ikilalia safu, ukikosea utayaezua yote masika yakiingia. Nilijifunza haya yote kwa mwaka mmoja, na nilijifunza mengi kwa Mama Kadzo, mkamaji wetu, mama wa Kigiriama kama mimi, mwenye maneno machache na mikono mikubwa. Yeye ndiye aliyeniambia nisiingie bandani nikipiga mluzi, kwa sababu ng'ombe mmoja aliyeitwa Tausi hakupenda mluzi na angeyazuia maziwa.

Tausi alikuwa ng'ombe mkubwa, mweusi kwa mweupe, mwenye mboni za kumtazama mtu hadi ajiulize amekosa nini. Alitoa maziwa mengi kuliko ng'ombe wengine wawili wakijumlishwa. Nyumba nyingi za pale Mjambere zilinyweshea watoto maziwa yake, na Maalim, ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha mapenzi hadharani, alikuwa akimpelekea mashudu ya nazi kwa mkono wake mwenyewe kila jioni akitoka chuoni.

Mwaka wa pili Maalim alisafiri kwenda Lamu kwenye msiba wa shemeji yake. Kabla ya kuondoka alinionyesha sakafu ya banda. Ilikuwa ya zege la zamani, imechimbika mashimo mahali ng'ombe wanaposimama kula, na maji yalituama humo. Alisema neno moja tu, nizibe mashimo. Kisha akaniachia mifuko ya saruji na mchanga, akaenda zake.

Nikaziba mashimo. Nikabaki na saruji. Na hapo ndipo shetani wa ufundi aliponiingia.

Nyinyi mliofanya kazi za nyumba mnaijua niru. Baada ya kumwaga sakafu, unanyunyiza saruji tupu juu yake ikiwa bado mbichi, unarashia maji kidogo, halafu unaipiga kwa mwiko wa chuma, unarudia na kurudia, mpaka sakafu ing'are kama kioo. Kule Changamwe niru yangu ilikuwa na jina. Kulikuwa na wenye nyumba waliosubiri wiki nzima ili niwapigie mimi. Na hapa Mjambere nilikuwa nimekaa zaidi ya mwaka nikifunga kamba na kuchonga vigingi, na mwenye kazi hajawahi kuniita fundi hata siku moja. Nikaona Maalim akirudi akute kitu.

Niliwahamishia ng'ombe wote uani. Nikakwangua sakafu nzima, nikaimwaga upya, nikaitia mteremko mzuri wa maji kuelekea kwenye mfereji, nikapiga niru siku nzima nikiwa nimepiga magoti juu ya ubao. Ilipokauka, ungeweza kuona kivuli cha paa ndani yake. Majirani walikuja kutazama. Mmoja alisema hapa mtu aweza kula pilau chini bila jamvi. Mwingine aliniuliza kama naweza kumfanyia sebule. Mama Kadzo alikuja na ndoo yake, akasimama mlangoni, akaniuliza:

"Karisa, hapa watalala watu?"

Nikacheka. Wallahi, nilidhani ananisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi siku ile nilikuwa mgema niliyelewa sifa zangu mwenyewe.

Niliacha saruji ikomae siku kadhaa, kisha tukawarudisha ng'ombe. Sakafu ikiwa kavu hakukuwa na tatizo. Maalim alirudi mchana wa siku hiyohiyo, akatazama sakafu, akauliza kama mashimo yamezibwa, nikasema yamezibwa, akasema alhamdulillahi, akaingia ndani kuoga. Niliumia moyo kidogo. Kesho yake asubuhi, baada ya kukama, Mama Kadzo alimwaga maji kuosha banda kama kawaida. Tausi alikuwa wa mwisho kutoka. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Aligeuka ili aelekee mlangoni, na miguu yake ya nyuma ikaenda kila mmoja upande wake, kulia na kushoto, polepole, bila yeye kuweza kuizuia, mpaka tumbo likagusa sakafu. Alitoa sauti moja ambayo sijaisikia kwa ng'ombe mwingine yeyote. Kisha akanyamaza, akabaki anatutazama.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia kwamba pengine mkosaji ni mmoja na mwenye kuumia guu ni mwingine.

Tulikuwa watu sita tulipomvuta kumtoa nje juu ya turubai, hadi penye mchanga na kivuli. Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki. Akambonyeza nyonga, akainyoosha miguu, akasikiliza tumbo. Alisema mfupa haukuvunjika ila nyama za mapaja zimechanika, na ndama angali hai. Akafunga kamba laini kati ya miguu ya nyuma, kwa urefu wa hatua ndogo, ili akijaribu kuinuka isitanuke tena. Akatuambia tumgeuze ubavu mara kadhaa kwa siku, kwa sababu ng'ombe mzito akilalia upande mmoja, miguu hufa kabla yake. Halafu akamvuta Maalim kando, lakini si mbali, na mimi nikasikia. Alisema kama hatasimama ndani ya wiki moja, asimtese.

Nyote mnajua maana yake. Mnyama lazima afikiwe na kisu akiwa hai, akitangulia kufa ni kibudu, hafai kwa mtu yeyote. Mwenye kumpenda mnyama wake na mwenye hofu ya kumpoteza bure wote wawili humwita mchinjaji mapema. Mchinjaji wetu alitoka Mishomoroni. Alikuja jioni ileile, akamzunguka Tausi mara mbili, akashauri wasichelewe. Maalim alimsikiliza kwa adabu na akampa kahawa.

"Mwenyewe hajaniambia amechoka," alisema. "Akiniambia, nitakuita."

Kisha akaja bandani nilikokuwa nimekaa. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikamwambia kwamba nitakusanya vyombo vyangu niondoke, na kwamba nitafanya kila njia nimlipe.

"Uende wapi, na kazi hujamaliza?" akauliza. "Vua viatu."

Nikavua. Akachota ndoo ya maji akaimwaga juu ya niru yangu. Akanipa madumu mawili ya lita ishirini, yamejaa, moja kila mkono, akaniambia nivuke toka horini hadi mlangoni. Nilipiga hatua tatu. Ya nne mguu ukaniponyoka, dumu moja likaruka, nikakaa chini kwa kishindo kilichonipanda hadi menoni. Hakuna aliyecheka. Maalim aliniacha nikae pale majini kidogo, kisha akasema kwa sauti ileile aliyofundishia watoto:

"Wewe ulikuwa na mikono ya kujishikia. Yeye hana."

Akageuka akaenda kuswali.

Nawaambia kweli, angenitukana ningefurahi. Nilirudi chumbani kwangu nikachukua patasi na nyundo. Nikaanza kwenye kona ya ndani kabisa, nikachonga mstari mmoja wenye kina cha ncha ya kidole, toka ukuta hadi ukuta. Kisha mwingine, umbali wa kiganja. Kisha mwingine. Kisha nikaanza kukata mistari ya kuvuka ile ya kwanza, ili ukwato wowote, ukienda upande wowote, ukute mahali pa kushika. Saruji niliyoipiga kwa mapenzi ilikuwa ngumu kama jabali. Kila kipande kilichoruka nilikijua nilivyokilainisha. Nilichonga kutwa, na kila baada ya muda niliacha, nikatoka nje, nikamgeuza Tausi ubavu tukiwa na Mama Kadzo na majirani, nikambadilishia mchanga, nikarudi kuchonga.

Siku ya tatu alijaribu kuinuka kwa miguu ya mbele, akashindwa, akaanguka kwa uso. Mama Kadzo alimlaza kichwa magotini mwake akamfuta mchanga puani. Hapo ndipo aliponiambia kwamba alipouliza lile swali mlangoni hakuwa akinisifu.

"Najua," nikasema.

"Ilinipasa niseme wazi," akasema. "Lakini nilikuona umefurahi, nikaona haya kukuvunja."

Niliwaza jambo lile usiku na mchana. Ng'ombe ameanguka kwa sababu ya majivuno ya mmoja na haya ya mwingine.

Siku ya nne nikapata wazo, na wazo lenyewe lilitoka kisimani. Juu ya kisima chetu palikuwa na kapi, lile gurudumu la chuma linalopitishwa kamba ya kuvutia maji. Nikamwomba Maalim ruhusa ya kulishusha. Nyumba nzima ikawa inavuta maji kwa mkono, na binti yake, Bi Rehema, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa shule, alinung'unika wazi kabisa. Paa la banda lisingembeba Tausi, boriti zake zilikuwa za kubeba makuti tu. Nikachimba mashimo mawili marefu, moja kila upande wake, palepale alipolala, nikasimamisha nguzo nene za mikoko, nikalaza mti juu yake na kuufunga kwa kamba, mfano wa goli la mpira, halafu nikazitegemeza kwa miti ya kusukuma kila upande. Nikaning'iniza kapi. Mama Kadzo alishona magunia manne, mawili mawili, na kuyajaza ndani nguo kuukuu ili kamba isimkate. Tukayapitisha chini ya tumbo, mbele ya kiwele, na mengine kifuani.

Kabla hatujavuta, Maalim alikuja. Alipitisha kiganja chake kwenye nguzo, kwenye kamba, kwenye kila mshono wa gunia. Alikaa sana kwenye fundo moja. Kisha akainua kichwa akanitazama, akashika kamba nyuma yangu.

Siku ya tano tulimwinua, miguu yake ikaning'inia tu. Tukamshusha. Nilikwenda nyuma ya ukuta wa chuo nikalia, sioni haya kulisema. Mchinjaji alituma mtu kuuliza. Maalim akamjibu vilevile, kwamba mwenyewe hajasema.

Siku ya sita, asubuhi, tulimwinua tena. Safari hii kwato zilikanyaga. Mapaja yalitetemeka mpaka ngozi ikawa inacheza, lakini zilikanyaga. Nikalegeza kamba kidogo, uzito ukashuka miguuni. Maalim alikuwa akisoma Fatiha chini ya pumzi. Tausi alisimama kwa muda wa Fatiha moja, Maalim akafika mwisho wake, "walaadh-dhaalliin", nasi tukaitikia amina, hata mimi nisiye Mwislamu, kisha ng'ombe akachoka tukamshusha. Jioni alisimama kwa muda mrefu zaidi. Siku ya saba mimi nikiwa bandani nachonga mistari ya mwisho, nyundo mkononi, nikasikia Mama Kadzo ananiita kwa sauti ya chini, sauti ya kutotaka kumshtua mtu. Nikatoka. Tausi alikuwa amesimama mwenyewe. Kamba zimelegea, magunia yamening'inia tumboni kama nguo asiyoipenda. Alikuwa akinusa ndoo kuona kama ina mashudu.

Nilimwita Maalim. Alikuja mbio, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akikimbia. Akasimama mbele ya ng'ombe wake, akampapasa paji la uso, na machozi yakamtoka yakaingia ndevuni, hakuyafuta.

Siku mbili baadaye tulimwingiza bandani. Nilimwaga maji kwanza, nikavua viatu, nikavuka na yale madumu mawili, kwenda na kurudi, mara saba. Ndipo akapita yeye. Kila ukwato ulipata mstari wake.

Alizaa salama, ndama jike mwenye doa jeupe usoni. Maalim ndiye aliyempa jina. Alimwita Niru. Kwa miaka kumi na zaidi nilisikia kila asubuhi, "Niru amekula? Niru amekamwa? Karisa, mlango wa Niru walegea." Mpaka leo siwezi kuwaambia kama ilikuwa adhabu au utani. Nilimpenda yule ng'ombe kuliko wote, lakini kila Maalim alipolitaja jina lake, masikio yangu yalipata moto. Na muda huo wote alinitengea kazi zote, akanituma kwa wafugaji wenzake wa Kisauni nikawachongee sakafu zao, hata mmoja alinichukua siku tatu hadi Likoni, lakini fundi hakuniita. Alisema, "Nitawaletea Karisa." Nikazoea, au nikajiambia nimezoea.

Miaka ikaenda. Bi Rehema alisoma, akaolewa, akarudi kusimamia shamba, akawa mkuu wangu wa pili. Kazi kwake iliandikwa ukutani kwa chaki, na alipenda mambo yafanyike upesi, tofauti na baba yake, lakini alikuwa mwenye haki. Mji ukatusogelea. Majirani waliokuwa na mbuzi wakajenga ghorofa. Ng'ombe wetu walipungua wakawa watano, kisha watatu. Maalim alizeeka, miguu ikawa haimtii. Watoto wake wakamkarabatia chumba na bafu, wakamwekea vigae vyeupe vinavyong'aa ukutani na sakafuni. Ilikuwa kazi nzuri, niliisifia mimi mwenyewe.

Baada ya hapo Maalim akaacha kutawadha ndani. Alikuwa akitoka nje kila swala, hata mvua ikinyesha, akashikilia ukuta, akaenda kutawadha kwenye bomba la mifugo. Bi Rehema alidhani ni ukaidi wa uzee. Walisemezana, naye akakataa kueleza. Siku moja Maalim alinitumia ujumbe niende chumbani kwake.

"Labeka, Maalim."

"Lete patasi."

Nikaangalia sakafu ya bafu, nikaelewa. Mtu aliyesimama mbele ya watu maisha yake yote aliona haya kuwaambia wanawe kwamba anaogopa zawadi yao.

"Vigae havichongeki, Maalim," nikamwambia. "Vitavunjika."

"Basi vivunje." Kisha akasema, "Nifanyie kama ya Tausi. Sina mikono tena ya kujishikia."

Nilizungumza na Bi Rehema mimi mwenyewe. Alikaa kitako kwenye ngazi, akafunika uso kwa mtandio, kisha akaniambia niendelee. Nikavunja vigae, nikamwaga saruji, nikaipa mteremko. Safari hii sikungoja ikauke nichonge. Ikiwa bado mbichi nilipitisha ufagio wa chelewa, taratibu, mchoro mwembamba wa kushika unyayo bila kuuchubua, maana unyayo wa mzee si ukwato. Nikaweka ubao wa kushikia ukutani, nikaupapasa wote kwa kiganja kutafuta ncha. Ilipokomaa nikamwaga maji, nikavua viatu, nikavuka kwanza mimi.

Maalim aliingia peku, mkono mmoja kwenye ubao. Alikwenda hadi bombani. Akaachia ubao. Akasimama bila kushika kitu, akatawadha udhu kamili, akiinua mguu mmoja mmoja kuuosha. Alipomaliza akageuka.

"Ahsante, Fundi," akasema, na akatoka kwenda kuswali.

Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya pale. Alifariki kitandani mwake, alfajiri, baada ya swala. Hakuwahi kuanguka.

Mimi niliacha kazi goti langu la kushoto liliposema basi. Ng'ombe wa mwisho, mjukuu wa Niru, alikwenda kwa mfugaji wa huko mbele, na Bi Rehema akaligeuza banda kuwa vyumba viwili vya kupangisha. Waliinua kuta, wakaezeka mabati, lakini sakafu ikabaki ileile, pamoja na mistari yangu. Nilipita pale mara mojamoja, nikachungulia mlangoni, nikajisikia vizuri. Siwafichi, nilijua ndiyo alama yangu pekee duniani.

Mwezi uliopita Bi Rehema alinipigia simu. Mpangaji mpya, mama kijana kutoka bara ambaye mumewe anafanya kazi bandarini, alitaka sakafu ile ipigwe iwe laini, na yeye Bi Rehema hakuthubutu kumjibu kabla ya kuniuliza mimi. Nilikwenda na fimbo yangu nikiwa nimejiandaa kukataa. Nilikuwa hata nimepanga maneno, nitamsimulia habari ya Tausi, ataelewa, ataacha. Nikamkuta mlangoni ameketi, mtoto wa miezi tisa yuko mbele yake.

"Shikamoo, mzee. Hii floor inamuumiza," akasema, akamwinua mtoto akanionyesha.

Magoti yote mawili yalikuwa yamechubuka, mekundu, na viganja pia. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa anatambaa, na mistari ya Tausi ilikuwa ikimkwaruza kila hatua.

Niliona nilichokuwa nimetaka kufanya, na nikasikia swali la Mama Kadzo, aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, likinirudia sikioni. Hapa watalala watu? Naam, sasa wanalala watu. Hadithi ya Tausi sikuisimulia. Niliomba saruji, mchanga, na mwiko, nikamwomba mama mtoto aniletee ubao wa kupigia magoti.

Kazi iliyokuwa ya siku moja ilinichukua siku tatu. Niliifunika mistari yote, kona hadi kona. Sikupiga niru. Nilimalizia kwa kipande cha ubao badala ya chuma, ikawa sakafu isiyong'aa na isiyokwaruza. Mlangoni tu, mahali maji ya mvua yanapoingilia, nilipitisha ufagio wa chelewa, upana wa hatua moja. Ilipokomaa, mama mtoto aliuliza kama sasa anaweza kumweka mwanawe chini.

Nikamwambia angoje kidogo. Nikainama, goti likalia, nikavua viatu, nikamwaga maji, nikavuka mimi kwanza.